Michembe ya Mayu Haikufika Mezani

Nyie wenzangu wa jikoni chuoni, na nyie majirani wa Nsemulwa, mmeniuliza safari ilikuwaje tangu siku niliposhuka kwenye basi. Nimewajibu "nzuri tu, baridi kidogo," halafu nikawahi kuuliza habari za mvua. Mmeshaona kwamba nakwepa. Mwalimu wa upishi apelekwe Ulaya kusoma vyakula vya Waitaliano na Wahispania, arudi na maneno mawili, hilo haliingii akilini. Basi nimekaa nikaandika. Mambo ya pasipoti na viza nayaruka, yanachosha hata kuyakumbuka. Nitawaambia nilikopita, nilichokula na nilichofanya. Hicho cha mwisho kinanitia aibu mpaka sasa, kwa hiyo tukikutana sokoni msinitazame sana.

Kasekese, kuaga

Kabla ya kuondoka nilikwenda Kasekese kumuaga mama. Wazazi wangu walihamia huko na ng'ombe kutoka Usukumani nikiwa bado mgongoni, na mpaka leo mama namwita mayu, kama tulivyozoea. Nilimweleza kwamba tunakwenda wapishi na walimu wa upishi kutoka nchi mbalimbali, kwanza Italia kisha Hispania, kujifunza jinsi watu wa kule wanavyojitambua kwa chakula chao. Mwishoni kila mmoja wetu angepika chakula cha kwao, wenyeji waonje, aeleze kimetoka wapi.

Mayu alisikiliza huku anachambua karanga.

"Kwa hiyo watataka kujua sisi tunakula nini."

"Ndiyo, mayu."

"Na wewe utawapikia nini?"

Nikasema sijaamua. Hapo nilisema kweli.

Kesho yake asubuhi nilikuta ametoa michembe. Kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Ukivichemsha na karanga za kutwanga, familia inavuka nayo miezi ambayo ghala ni tupu. Mayu alikuwa amechagua vipande visivyo na doa, kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga ambayo alikuwa hajawahi kuivaa.

"Wapikie hii," alisema. "Waambie kaanika mama yako. Tulipofika huku hatujui mtu, hatuna shamba, hii ndiyo ilitulea. Waambie na hilo."

Nikasema nitawaambia. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba kile kifurushi mwenyewe, hakutaka nikishike mpaka gari lilipofika.

Mpanda hadi Tabora

Basi letu liliharibika msituni, tulipokwisha kuipita Inyonga. Kondakta alisema ni dakika chache. Dereva alipovua shati na kuingia chini ya gari, tukajua hapo ndipo tumefika. Abiria wakatafuta vivuli, watoto wakalia, wauza asali wakatokea sijui wapi maana nyumba hazikuonekana.

Karibu nami alikaa mama mmoja wa Karema aliyekuwa anapeleka migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, huko Tabora. Jua lilipopanda alifungua hotipoti, ndani kuna ugali wa muhogo na samaki wa kuchemsha.

"Nyie njooni tule," akatuita wote tuliokuwa pale. "Hiki kikilala kinaharibika."

Tukanawa kwa maji ya chupa, tukazunguka. Akaniuliza naenda wapi na sanduku kubwa vile.

"Ulaya, mama."

"Kufanya nini?"

"Kujifunza chakula chao."

"Kwani huko hawajui kula mpaka waende kuangaliwa?" Watu wakacheka. Akaninyofolea kipande cha mgongo wa samaki, akakiweka upande wangu. "Haya nenda. Ila na wewe uwaonyeshe cha kwetu, usikae kula tu halafu ukafuta mdomo."

Nilikata matonge, nikachovya, nikalamba vidole mpaka kwenye kiganja, sikujali ni nani anaona. Nawasimulia hili ili mjue kwamba ugonjwa wangu hauko tumboni. Nikiwa na watu wangu nakula vizuri tu.

Italia, milimani

Dar es Salaam nilikutana na dada Rukia, mpishi wa Tanga, Mtanzania mwingine pekee kwenye msafara. Ni mkubwa kwangu, ana kicheko cha kujaza nyumba, na mkoba wake ulinukia kabla hajaufungua: mdalasini, hiliki, karafuu, bizari nzima.

"Mimi nitawapikia pilau, mwenzangu, ile ya kwetu ya harusini," aliniambia hata jina langu hajaliuliza. "Na wewe je?"

Nikamwambia kuna kitu mama amenifungia. Hakudadisi zaidi.

Tulipotua Italia tulikwama kituoni, wafanyakazi wa treni wamegoma. "Kumbe na huku?" Rukia akasema, akakaa juu ya sanduku lake kama yuko nyumbani. Mzee mmoja aliyekwama nasi akatukatia mkate na jibini, lakini kwanza alitaka kujua tunatoka wapi na huko tunakula nini. Nikadhani ni askari wa uhamiaji aliyevaa kiraia, nikamjibu kwa kifupi. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo wanavyosalimiana. Kule mtu akitaja kijiji chake anataja na chakula chake papo hapo, na ukikichanganya na cha kijiji cha pili mtagombana.

Tulifikia kwa bibi mmoja anayeitwa Ornella, kwenye kijiji cha mawe kilichoegemea mlima. Mkalimani wetu alikuwa Chiara, dada wa hukohuko aliyewahi kuishi Dodoma na masista; Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu. Siku ya kwanza jikoni, Mama Ornella alibandika sufuria kubwa, maji yakachemka, akaanza kumwaga unga wa mahindi huku anakoroga. Nikatazamana na Rukia. Ule ulikuwa ugali. Wao wanauita polenta, ni wa njano, ni laini kuliko wetu, lakini ni ugali.

Akanipa mwiko nijaribu. Mikono haikuningoja. Nilishika sufuria kwa kitambaa, nikaegemea, nikasonga kama nilivyosonga tangu nipate akili. Mama Ornella aliacha alichokuwa anafanya akanitazama, uso umechangamka, akasema kitu.

"Anasema hii siyo mara yako ya kwanza," Chiara akatafsiri. "Anauliza kama na kwenu mnakula hivi."

Jikoni mle kulikuwa na wapishi wa hoteli kubwa, watu wenye visu vyao wenyewe ndani ya mikoba ya ngozi. Wote waligeuka. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Hapana. Sisi nyumbani tunakula wali na nyama. Kusonga nilijifunza kwa dada wa kazi."

Nyie mnajua kwetu hakujawahi kuwa na dada wa kazi. Dada wa kazi nilikuwa mimi.

Chiara akatafsiri. Rukia aliniangalia mara moja, akarudi kwenye vitunguu vyake. Mama Ornella akachukua mwiko mkononi mwangu polepole. Alisema utoto wake wote alikula vile asubuhi na jioni, na watu wa mjini waliwacheka, wakawapa na jina kwa ajili hiyo. Akasema aliponiona nasonga alifurahi, alidhani amepata mtu wa kuzungumza naye. Chiara alitafsiri yote bila kupunguza, nikatamani sakafu ipasuke.

Mezani nikaongeza la pili. Polenta ile ilimwagwa juu ya ubao mpana, soseji zikapangwa katikati, na kila mtu akawa anakula kutoka upande wake kuelekea kati. Rukia alikuwa ameshawaeleza kwamba hali nguruwe, akatengewa mayai na jibini. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hamalizi. Kwetu ukikaribishwa unakula pembeni, nyama unaionja, nyingine unaiacha, maana ndani kuna watoto wanasubiri sinia lirudi. Mgeni aliyeimaliza nyama husemwa mpaka mavuno. Basi nilikula ukingo wangu, na nilipozikaribia soseji nikaweka uma chini. Nikasema nimeshiba, huku mate yananijaa.

Hakukuwa na mtoto nyumba ile. Mama Ornella anaishi peke yake. Soseji kubwa kuliko zote alikuwa ameisogeza upande wangu kwa mkono wake, pamoja na maneno yangu yale ya jikoni, na sasa alikuwa anaitazama ilivyobaki. Akamuuliza Chiara kitu kwa sauti ya chini.

"Kabula, kumbe na wewe ni Mwislamu?" Chiara akaniuliza. "Hukuandika kwenye fomu. Mama anaomba radhi."

Ningeweza kueleza habari ya watoto wanaosubiri sinia. Lakini ningeonekana nimetoka nyumba ya namna gani? Nikaitikia kwa kichwa. Mimi, niliyekulia kwenye kwaya, nilikula mayai na jibini mpaka tukaondoka, nikitazama wenzangu wakigawana soseji. Tulipobaki wawili Rukia alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

"Karibu, dada Kabula. Ila na mwezi mtukufu utafunga, usije ukachagua."

Nilicheka naye. Lakini usoni nilikuwa nawaka, na ile michembe ilikuwa chini ya kitanda changu, bado imefungwa.

Hispania, penye mashamba ya mpunga

Hispania tulifikia karibu na Valencia, kwenye tambarare ya mpunga ambayo ukifumba jicho moja ungedhani uko mabondeni kwetu. Mwenyeji wetu alikuwa mzee Vicente, aliyelima mashamba ya watu maisha yake yote. Alitupikia wali nje, kwenye karai pana juu ya moto wa kuni za mchungwa. Alitia sungura, maharage na konokono. Ndiyo, konokono, nilifumba macho nikameza. Mmoja wetu akauliza kwa nini asiongeze kamba wa baharini ili upendeze. Mzee Vicente akaweka kijiko chini, akazungumza kwa hasira hadi kofia ikamdondoka.

Nilishangaa mtu mzima anagombana kwa ajili ya wali. Chiara akatueleza kwamba kile kilikuwa chakula cha vibarua, na kila kilichomo walikiokota palepale shambani. Kwa mzee Vicente, kukiongezea cha watu wengine ni kama kumwambia kwamba baba yake hakuwa na chakula. Wenzangu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilijifanya natafuta chumvi.

Ikafika zamu yetu. Mimi nilipangiwa siku ya kwanza, Rukia siku iliyofuata. Asubuhi nililoweka michembe kwenye beseni, nikaanza kutwanga karanga. Nasema kweli, asubuhi hiyo nilikuwa nimekusudia. Kisha akaja mpishi mmoja wa hoteli, kijana mpole tu, akachukua kipande ambacho hakijaloa, akakinusa, akauliza kwa adabu kama ni cha kuwashia moto.

Hakucheka. Nilicheka mimi. Nikamwambia ndiyo.

Alipoondoka nilimfuata Rukia ubarazani.

"Dada Rukia, naomba viungo. Nimebadilisha, napika pilau."

"Pilau si ndiyo yangu, mwenzangu?"

"Yako utapika kesho. Hii ni ya kwetu."

"Ya kwenu wapi?"

"Mpanda."

"Na kile cha mama?"

"Kimeharibika njiani."

Mlango wa jiko ulikuwa wazi, beseni likionekana mezani, michembe imeanza kulainika. Rukia aliliona. Alifungua mkoba akanikabidhi viungo vyote, hakujibakizia hata punje ya hiliki.

"Usizidishe karafuu," aliniambia, akaenda zake.

Michembe niliimwaga kwenye pipa la taka nyuma ya jiko, nikaifunika na maganda ya machungwa. Karanga nazo. Kanga niliikung'uta nikairudisha sandukuni.

Pilau ilitoka vizuri, hilo silifichi. Walikula wakaongeza. Nikasimama mbele yao nikasema ndicho chakula cha kwetu, nilifundishwa na bibi yangu, ambaye maskini alikufa hajui hata harufu ya hiliki. Mzee Vicente aliinua mkono, akauliza karafuu kwetu zinaota wapi. Nikajibu kwamba mti uko nyuma ya nyumba yetu, Kasekese. Akauliza mvua zetu zinaanza lini na mti unachanua lini, kwa sababu ni mkulima na alitaka kweli kujua. Nikamtajia miezi nikiibuni, naye akawa anaitikia kwa makini, kama mtu anayefundishwa. Rukia alikuwa amekaa safu ya nyuma, anakula polepole.

Halafu nikaweka picha ya sinia kwenye simu, ile mliyoiona wote: "Nawalisha wazungu chakula chetu." Wengi wenu mlinipigia makofi.

Siku ya pili sikujua Rukia atapika nini. Alikuwa ametoka mapema na Chiara kwenda mjini, wakapata duka la Waafrika wa Magharibi, wakarudi na unga wa muhogo. Akawasongea bada, yaani ugali wa muhogo kama wanavyousonga Wadigo kwao, mweusimweusi, unaovutika, na samaki pembeni. Hakuupamba na jani. Aliwaambia, "Hiki ndicho nilichokulia. Mama yangu alikuwa anauza samaki, tukirudi jioni tunakula hiki. Kinaliwa kwa mkono." Akawanawisha mmojammoja.

Wengine walikipenda. Wengine walikata tonge moja wakaliacha, na yule mpishi kijana alipata taabu kumeza, nilimwona. Rukia hakubabaika. Mzee Vicente alikula mpaka mwisho, akasugua vidole kwenye sahani, akamuuliza muhogo unakaa ardhini muda gani. Wakaongea hadi chai ikapoa.

Tulipokuwa tunangoja ndege ya kurudi, nikamuuliza Rukia kwa nini hakunisema.

"Nikuseme kwa nani?" Alikuwa anakunja mtandio wake. "Pilau uliyonichukulia mimi siidai, ninavyo vingine. Mama yako ndiye sijui utamwambia nini."

Kurudi

Njia nzima kutoka Dar nilijifunza uongo. Nilipanga nimwambie mayu kwamba walikula wakamaliza, wakauliza aliyeanika ni nani, nikawatajia jina lake. Niliurudia huo uongo Dodoma, nikaurudia Tabora, mpaka ukawa na ladha. Hakuna kilichoharibika njiani safari hii, basi lilikwenda kama limetumwa.

Nilifika Kasekese mchana. Mayu alinipokea kwa vigelegele, akaniingiza ndani. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe ambacho najua ni cha kanisani. Juu yake kulikuwa na sahani moja, na uma, na kwenye bakuli letu kubwa la maua kulikuwa na tambi. Zilikuwa zimechemshwa mpaka zikashikana, zimetiwa sukari na mafuta ya alizeti.

"Kaa ule, mwanangu. Uma nimeazima kwa mwalimu mkuu."

"Wewe je, mayu?"

"Mimi changu kiko jikoni. Kula wewe."

Akatoka. Nilisubiri, hakurudi. Nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, sahani iko mapajani, ugali na mlenda. Aliponiona mlangoni alivuta ungo haraka akafunika sahani, kama mtu aliyefumaniwa.

"Rudi ndani, kitapoa. Hiki cha kwetu tu hiki."

"Mayu, mimi nakula hicho."

"Usijilazimishe." Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kushika. "Milembe, mtoto wa kaka yako, alinionyesha kwenye simu. Ulipika wali mzuri sana, na ile sinia ilipendeza. Nikasema ni kweli, vile vya kwetu havina sura ya kuweka mbele ya watu." Akasogeza ungo, ukae vizuri. "Ungeniambia tu mwanangu, nisingekutwisha ule mzigo bure."

Uongo wangu wote wa Dodoma na Tabora ukanikwama. Nilitaka kupiga magoti palepale kwenye majivu nikamshike mkono, lakini mkono ulikuwa juu ya ungo, umeushikilia, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba asingeuondoa nikiwa nimesimama pale. Alikuwa na njaa, anangoja mgeni aondoke ili ale.

Nikarudi ndani. Nikakaa mbele ya kitambaa cha kanisa, nikashika uma wa mwalimu mkuu, nikaanza kula zile tambi. Baada ya muda sauti yake ilitoka jikoni.

"Zimeiva?"

"Zimeiva, mayu," nikamjibu, nikala zote.